Unamlipa anayepiga kelele, sio anayekumaliza

Swali (nimelifupisha na kutoa vitu vinavyoweza kumtambulisha):

"Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari, miaka 38, nina mke na watoto watatu. 2021 nilichukua mkopo benki nikapaua nyumba, 2023 mama akaumwa nikaingia kausha damu (hii mikopo ya mtaani ya riba kali). Sasa hivi kadi yangu ya benki anayo mama mmoja hapa mtaani, kuna ofisi nyingine narejesha kila wiki, nina mikopo ya mtandaoni mitatu, nadaiwa kikoba, nadaiwa na mwalimu mwenzangu, dukani ndo usiseme. Nje ya benki nahisi inafika milioni tatu. Simu ikiita moyo unaruka. Silali. Mke wangu hajui. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu.

Naanza na sentensi yako ya mwisho maana hela inaweza kusubiri, hiyo haiwezi. Ukishafika mahali pa kutamani usiamke hiyo sio ishu ya madeni tena peke yake, ni ya kwenda hospitali, na naomba uende wiki hii, hospitali ya wilaya au ya mkoa, mwambie daktari kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi, usimwambie "naumwa kichwa". Na usibaki peke yako usiku. Kama mke bado unamuogopa basi kaka yako, mchungaji, shehe, mwalimu mwenzako huyohuyo unayemkwepa, mtu yeyote mwenye masikio. Nimefanya kazi ya ofisa mikopo miaka 11 na kwa miaka hiyo nimewaona waliomaliza madeni makubwa kuliko lako mara kumi, wapo, wananenepa, wananitumia picha za harusi za watoto wao. Sasa tuendelee.

Watu watakwambia dawa ya deni ni kulipa. Wewe umelipa. Uliponiandikia mara ya kwanza nilikuomba uweke kila deni kwenye karatasi, ukachukua siku nne kunirudishia (najua kwa nini, kila mtu anachukua siku nne, karatasi hiyo ni nzito kuliko gunia), na nilivyoisoma nikakuta yule mama mwenye kadi yako alikupa laki tano, riba asilimia 30 kwa mwezi, yaani laki na nusu, na kila mshahara ukitoka anaenda ATM na kadi yako anatoa pesa yote, anakata laki na nusu yake anakurudishia 330,000. Miezi 14. Zidisha mwenyewe wewe ni mwalimu: milioni mbili na laki moja umeshampa, na bado unadaiwa laki tano ileile kama jana. Sasa hiyo sio kulipa, hiyo ni kumpangishia mtu mshahara wako.

Kuna kitu nimekiona kwenye karatasi yako na nakiona kwa karibu kila mtu. Unalipa kwa kufuata kelele. Wa mtandaoni wanapiga simu kumi kwa siku wanatuma meseji za vitisho, basi ukipata elfu ishirini unakimbilia kwao, wakati wote watatu ukiwaweka pamoja ni laki mbili na elfu kumi tu. Yule mama hakupigii hata siku moja, anakusalimia vizuri, anauliza watoto, na ndiye anayekula kuliko wote. Kikoba hawapigi kelele kwa hiyo hawalipwi. Mwalimu mwenzako ana aibu ya kukudai kwa hiyo halipwi. Mkeo hajui chochote kwa hiyo halipwi. Na mwili wako nao haujui kutuma meseji, ulichoweza ni kukunyima usingizi.

Halafu jumla. Ulisema milioni tatu. Nimejumlisha mara mbili nikidhani nimekosea: mama wa kadi 500,000, ofisi ya kila wiki zimebaki wiki tatu za elfu 60 ambazo ni 180,000, mtandaoni 210,000, ile ya kukamilishiwa muamala kwenye simu 38,000, kikoba 150,000, mwalimu mwenzako 200,000, dukani 64,000. Ni 1,342,000. Wengi huwa wanakisia chini ya deni halisi, wewe hofu imekuzidishia zaidi ya mara mbili, umekuwa unabeba milioni moja na laki sita za hewa.

Umeona sijaweka benki. Ile milioni tisa na kitu inakatwa kabla mshahara haujakufikia, ina mwisho, ina riba ya mwaka sio ya mwezi, iache ilivyo. Wewe unaiogopa kwa sababu ni namba kubwa. Laki tano kwa riba ya 30 kwa mwezi ndio ya kuogopa, maana hiyo kwa mwaka ni asilimia 360, na hapo hata mtaji haujaguswa.

Sasa kadi.

Kadi ya ATM ni mali ya benki, sio yako ya kuweka rehani wala sio ya huyo mama kuishika, na kumpa mtu namba ya siri ni kuvunja masharti uliyosaini siku unafungua akaunti. Ina maana huna unachomdhulumu ukiirudisha. Ila sitaki uanze kwa kuifunga kimyakimya, maana mnaishi mtaa mmoja. Nenda Jumamosi, na mtu mmoja wa heshima, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa au mzee yeyote anayemheshimu, na karatasi yenye miezi 14 imeorodheshwa, tarehe na kiasi. Usiende kulia. Mwambie hivi: mama, nilichukua laki tano, nimeshakupa milioni mbili na laki moja, mtaji wako naurudisha wote, laki moja kila mwezi kwa miezi mitano, nakuletea mwenyewe mkononi au kwa simu, riba inaishia leo na kadi naomba. Andikeni, mkasaini wote watatu.

Akikubali mshukuru kwa moyo, wengi wanakubali kuliko unavyodhani kwa sababu wanajua hesabu yao. Akikataa, basi siku ya kazi inayofuata asubuhi uko benki na kitambulisho cha NIDA, unaripoti kadi haiko mikononi mwako, inafungwa, unaomba mpya. Hakikisha umefanya kabla ya tarehe 20 mshahara haujaingia. Kadi mpya ikichelewa utatoa pesa dirishani, kupanga foleni siku moja sio msiba. Na bado unamlipa ile laki moja kila mwezi, kwa njia yenye ushahidi, hata kama amenuna.

Atasema atakufunga. Hapa watu wengi ndo wanapolowa jasho kwa hiyo nikae kidogo. Deni ni kesi ya madai, polisi sio wakusanya madeni, na kufungwa kwa sababu ya deni sio kitu cha kuamka asubuhi ukabebwa, lazima kwanza mtu akushtaki, ashinde, na kuna hatua kibao katikati. Alafu jiulize yeye atasimama mahakamani aseme nini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa hawa wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana za watu. Asilimia 3.5 ya laki tano ni 17,500. Wewe ulikuwa unatoa 150,000. Nilipiga hesabu kwa kujifurahisha tu, au niseme kwa kujiudhi: kama ungekuwa na mkopeshaji wa riba hiyo, inayohesabiwa kwenye deni linalobaki, na wewe unarejesha laki na nusu ileile, deni lingeisha mwezi wa nne na chenji ingebaki kama elfu 58.

Swali moja hujanijibu na nalirudia: ulisaini nini? Kuna wakopeshaji wanakuandikisha hati ya mauziano, yaani karatasi inasema umemuuzia friji au tivii au kiwanja, neno mkopo halipo popote, na wengine wanakusainisha karatasi tupu wajaze wenyewe baadaye. Kama kuna kitu cha aina hiyo, hasa kama kinagusa ile nyumba, usiende kwa mama kabla hujaonana na mwanasheria. Baadhi ya vyuo vikuu vyenye kitivo cha sheria vina madawati ya msaada wa kisheria, na kuna wasaidizi wa kisheria kwenye kata nyingi, waulizie ofisi ya kata. Kadi sio shida kubwa. Karatasi ndo shida.

Ile ofisi ya kila wiki wewe maliza tu, wiki tatu, 180,000, najua ni wizi wa mchana maana ulichukua laki tatu unarudisha laki nne na ishirini ndani ya wiki saba, ila umeshafika mwishoni na wana orodha ya vyombo vyako. Siku unamaliza watakwambia "mteja mzuri, tukuongezee laki tano?" Nilikuwa naisema mimi hiyo sentensi. Tulikuwa tunafundishwa kuisema wakati mteja bado ana kalamu mkononi.

Wa mtandaoni. Kwanza ingia uangalie kama wana leseni, Benki Kuu inatoa orodha, na Novemba 2024 ilitaja programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Awe na leseni au asiwe nayo, wewe hela yake ulipokea, mtaji rudisha. Lakini zile adhabu zinazopanda kila siku andika barua pepe au ujumbe uombe zisimamishwe, ulipe mtaji na riba uliyoiona siku unakopa, kwa tarehe unayoitaja wewe. Ingia kwenye mipangilio ya simu uwanyime ruhusa ya majina na picha (majina walishayachukua siku ya kwanza, najua, wanyime hivyohivyo). Na usifungue ya nne kulipia ya tatu, hiyo ndiyo iliyokufikisha watatu.

Unachoogopa hapo sio hela, ni ile meseji wanayomtumia mkuu wa shule na shemeji yako kwamba wewe tapeli na wao ni wadhamini wako. Basi wewe uwatangulie. Andika wewe kwa watu kama kumi na tano ambao ukiwaza wakipata ile meseji unaona aibu, uwaambie: "Habari, nina mkopo wa mtandaoni ninaoulipa kwa utaratibu. Mnaweza kupigiwa au kutumiwa ujumbe wa kunichafua, naomba msiujibu wala msitume hela yoyote, hamjanidhamini. Mkiupata nitumieni skrinshoti." Dakika mbili za aibu za kujitakia, baada ya hapo hawana cha kukutishia. Skrinshoti zitunze, kusambaza taarifa zako kwa watu bila ridhaa kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kuna Tume inayopokea malalamiko, na Benki Kuu pia wanapokea.

Mkeo. Hapa sina utaalamu wa cheti, nina wa kuona tu. Umesema hajui. Mdogo wangu, mwanamke anayeona mume analeta laki na kitu kwa mwezi badala ya laki nne, anayeona simu imegeuzwa kifudifudi mezani, anayesikia mtu anaongea na simu chooni, anajua kuna kitu. Anachokosa ni jina la hicho kitu, na kwa uzoefu wangu jina analokipa yeye ni mwanamke mwingine. Nimeshuhudia ofisini kwangu mume anamwambia mkewe ukweli wa madeni, mama akacheka kwa sauti mpaka akatoa machozi, akasema "kumbe ni hela tu!" Sio wote watacheka, wako anaweza akanuna mwezi. Ila bila yeye mpango huu haupo, kwa sababu genge lake, ile biashara yake ndogo, ndilo litakalolisha nyumba miezi miwili ya kwanza.

Usimwambie usiku wa manane na usianze na msamaha mrefu. Mpe karatasi. Ile ile yenye 1,342,000. Anza na jumla, alafu majina, usibakize hata moja, maana deni litakalojitokeza baadaye ambalo halikuwa kwenye karatasi litafuta yote.

Mimi nilificha. Mwaka 2016, nikiwa ofisa mikopo, fikiria, nina saini za watu kwenye droo, nilikuwa nadaiwa na mkopeshaji wa pembeni na nilikuwa natoka kazini kwa mlango wa nyuma. Kilichonitoa sio akili, mdogo wangu wa kike alipokea simu yangu kwa bahati mbaya. Kwa hiyo siongei na wewe kutoka juu.

Haya, mpango. Kwa mshahara unaokufikia 480,000, kadi ikiwa mkononi, bila kukopa hata mia:

Mwezi wa kwanza unamaliza ofisi ya wiki 180,000, mama laki moja, dukani 16,000. Unabaki na 184,000, mwezi mgumu kuliko yote, utakula dagaa. Wa pili mama laki moja, nusu ya mtandaoni 105,000, ile ya simu 38,000 uifute kabisa na usiiwashe tena, dukani 16,000, unabaki na 221,000. Wa tatu mama, nusu ya pili ya mtandaoni, dukani, unabaki na 259,000. Wa nne mama, kikoba 75,000, duka linaisha, unabaki na 289,000. Wa tano mama anaisha na kikoba kinaisha, 305,000. Wa sita na wa saba laki laki kwa mwalimu mwenzako. Imeisha, miezi saba. Jumlisha utapata 1,342,000 kamili, adhabu za mtandaoni zikibaki itasogea kidogo.

Umeona mwenzako na kikoba nimewaweka nyuma, na nimetoka kukusema kwa kutowalipa. Tofauti ni kwamba safari hii unawafuata leo uwape tarehe. Mtu akipewa tarehe ya mbali ya kweli anaivumilia, kinachomchoma ni wewe kugeuza njia ukimwona.

Najua utaniuliza kuhusu topapu benki, yaani kuongeza mkopo juu ya ule ulionao, ulipe wote siku moja. Kwa hesabu tupu sio wazo baya, riba ya benki ni ndogo kuliko hawa wote, na sheria ya kubaki na theluthi ya mshahara inaonekana bado inakuachia nafasi. Ila nimekaa ile meza. Ukiomba milioni moja na nusu, ofisa atakupigia hesabu ya kiwango chako cha juu, atakwambia unapata milioni sita, makato yanaongezeka "kidogo tu", na miaka inaanza upya, ana lengo la mwezi la kufikisha simlaumu. Na wewe mwenye usingizi wa siku mbili utasaini. Subiri miezi mitatu ya mpango. Ukishindwa kweli, nenda na mkeo, mkaombe kiasi kamili cha deni lililobaki na si shilingi zaidi.

Vitu vidogo. Ile ahadi ya laki moja kwenye kamati ya harusi ya binamu, futa, mpigie mwenyekiti wa kamati sema sitaweza, nitakuja kuosha vyombo. Tuition ya jioni uliyosema ulikuwa unafundisha ukaacha kwa sababu ya mawazo, usiirudie mwezi wa kwanza, lala kwanza. SACCOS ya walimu uliyojitoa ili uchukue akiba, kuanzia mwezi wa nane rudi, hata kwa elfu ishirini, maana mama yako bado ana umri na ataumwa tena, na siku hiyo nataka uwe na pa kukopa kwa asilimia moja au moja na nusu kwa mwezi. Mkeo na wenzake wa genge kama wana kikundi kilichosajiliwa waulizie halmashauri ile mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, lakini iwe ya genge kweli sio ya kulipia madeni yako.

Simu ikiita na hujui namba, sio lazima upokee. Chagua saa moja kwa siku, mfano saa kumi jioni baada ya vipindi, hiyo ndo saa ya wadai, unapokea, unasema tarehe, unakata. Nje ya hapo simu iko kimya ndani ya begi.

Leo ni Alhamisi. Kesho hospitali, kesho usiku karatasi kwa mkeo, Jumamosi kwa mama na mzee wako. Kadi ikishakuwa mkononi badilisha namba ya siri palepale ATM, alafu nitumie salio tu, hata kama ni elfu mbili.